Kasiksi kwenye Lango la Yolande

Kanyere wa mtaa wa Mususa alijulikana Butembo kwa mambo mawili: kasiksi yake na wivu wake. Kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, zamani ilikuwa na sifa hivi kwamba wafanyabiashara wa Kayna walipofika mjini jioni waliulizia kwanza kwa Kanyere, ndipo wakaulizia pa kulala. Na wivu wake, asiyeujua ashukuru Mungu wake.

Mumewe, Kakule, alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Ni kazi mbaya kwa mwanamume mwenye mke mwenye wivu, maana bomba liko wapi kama si jikoni na bafuni, na bafuni yuko nani kama si mama mwenye nyumba? Kakule akirudi kutoka kazini, Kanyere alinusa shati kwanza, salamu baadaye. Kisha yalifuata maswali. Mama wa nyumba ile alikuwepo? Ana umri gani? Alicheka? Alipocheka, meno yake yakoje? Kakule, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, alijibu moja moja kama mtoto anayejibu katekisimu, kisha akaomba chakula.

Basi vita vya pili vya Kongo vikaja, nchi ikakatwa vipande, na barabara ya Beni ikajaa vizuizi vya askari. Lori la ndizi lililokuwa likifika asubuhi lilianza kulala njiani, na ndizi zikifika Butembo zilikuwa zimeshakuwa nyeusi na kulainika, nyingine zikivuja maji. Kanyere alizikamua vilevile, akachanganya unga wa mtama vilevile, akafunika vilevile kama mama yake alivyomfundisha. Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuonja.

Hakuonja kwa sababu ya nadhiri. Kaka yake Sikuli alikwenda Kamango kununua kahawa, mapigano yakazuka upande ule, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari yake, ya uzima wala ya msiba. Kanyere akaenda kanisani, akapiga magoti mbele ya Bikira Maria, akaapa kwamba tone la kasiksi halitapita mdomoni mwake mpaka asikie neno la kaka yake. Na Kanyere akishaapa ameapa. Akawa mpishi asiyeonja chungu chake. Pua yake nayo haikumsaidia, kwa maana kibanda chake cha kupikia pombe kilinuka uchachu siku zote.

Wateja wakapungua. Kanyere akavilaumu vita. Nani wa kumwambia jambo jingine? Mwanamke aliyewahi kumfukuza mlevi kwa mchi hadi barabara kuu, utamwambia nini kuhusu kasiksi yake? Lakini siku moja Kakule akajitolea kuipeleka pombe yeye mwenyewe kwa wateja wa mjini, na kila siku ya soko akawa anaondoka na bidoni, lile dumu la plastiki la njano, mkononi na mfuko wa vifaa begani, akirudi na bidoni tupu. Pesa zilikuwa haba siku zile, kwa hiyo alilipwa vitu: chumvi, kibiriti, na zaidi ya yote kipande cha sabuni ya harufu nzuri.

"Bateja banasema nini?" Kanyere aliuliza kila mara.

"Banaipenda," Kakule alijibu, akijikuna sikio. "Banamaliza yote."

Kanyere alioga kwa sabuni ile, akajiona bado ni yule Kanyere wa zamani.

Ilikuwa kwenye bomba la mtaa, wanawake wakipanga foleni ya maji, ndipo Mariette alipomsogelea. Mariette alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na maneno hayakukaa tumboni mwake.

"Mama Kanyere, mi hapana mutu wa maneno," alianza, na waliokuwa karibu wakatega masikio, maana Mariette akianza hivyo maneno yapo. "Mais ile bidoni ya njano, yenye alama ya moto ku mukono, njo ya kwenu?"

"Njo yetu. Juu ya nini?"

"Bure tu. Niliiona ku lango ya Madame Yolande. Kakule aliibeba. Na ku kinywa ya bidoni kulikuwa jani ya ndizi, mubichi kabisa."

Ndoo ya Kanyere ilijaa, ikafurika, na maji yakamwagika miguuni mwake bila yeye kusogea.

Mgeni wa nchi hii angeuliza, jani la mgomba lina ubaya gani? Kwa Wanande mwanamume habebi kasiksi hadi kwenye lango la mwanamke kwa matembezi. Kasiksi iliyozibwa kwa jani bichi ndilo neno la kwanza la posa, na baada ya hilo mbuzi huanza kuhesabiwa. Hata Kakule mwenyewe alifika hivyo kwa baba yake Kanyere. Na Yolande alikuwa nani? Mwanamke wa Kasai, mke wa Kabongo, ofisa wa serikali aliyeletwa Butembo enzi za amani. Kabongo alikwenda Kinshasa kwa kazi, vita vikafunga njia nyuma yake, na mkewe akabaki peke yake katika nyumba kubwa ya matofali, akipangisha vyumba kwa wasafiri ili aishi. Alikuwa mrefu. Alipaka midomo rangi hata siku ambazo bunduki zilisikika upande wa mlimani. Akicheka alirudisha kichwa nyuma na shingo yote ikaonekana.

Na alikuwa na bafu, lile birika refu la kulala ndani, ambalo Kanyere hakuwahi kuliona ila aliwahi kusimuliwa na Kakule mwenyewe, kwa furaha, mjinga yule. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kanyere aliliona bafu lile. Alimwona mumewe ndani yake, maji hadi kifuani, na Yolande pembeni na sabuni mkononi.

Sabuni! Aliweka ndoo chini, akaingia ndani, akakichukua kipande kile cha harufu nzuri ambacho alikuwa akijisugua nacho shingoni na kifuani wiki nenda wiki rudi, akakitupa chooni. Waswahili husema mke mwenza, mezea. Kanyere hakuwa mtu wa kumezea.

Jioni, Kakule alipokuwa akimega bugali na kuchovya kwenye maharage, Kanyere alimuuliza kwa sauti ya asali.

"Kasiksi ya siku ya soko, ulipeleka wapi?"

"Kwa bateja."

"Bateja gani?"

"Ba huku na huku." Sikio likakunwa.

"Hapana kwa mwanamuke?"

Tonge likasimama njiani. "Kanyere, wee pia. Bateja ni bateja."

Angemwambia ukweli pale, hadithi hii ingekwisha na maharage yangeliwa. Lakini watu wapole wana ujinga wao: huficha jambo dogo lisimuumize mtu, mpaka linakuwa kubwa la kuwaumiza wote.

Siku ya soko ilipofika, Kakule alijaza bidoni, akaliziba kwa jani, akaenda kutafuta vifaa vyake. Kanyere akaona nafasi. Pembeni mwa mafiga kulikuwa na majivu ya maganda ya ndizi, yale ambayo kila mama wa kwetu huyahifadhi kwa kupikia mboga na kukata ukali wake. Alichota kwa mikono miwili, akayamimina ndani ya bidoni kama anayezika kitu. Anywe huyo Mkasai! Apate mchanga kwenye meno yake mazuri, aone posa ya mume wa mtu ilivyo tamu.

Kasiksi ikachemka. Haikuwa kwenye moto, lakini ilichemka, ikatoa povu jeupe hadi mdomoni mwa bidoni na kumwagika kwenye kidole chake. Kanyere aliifuta kwa kikwembe. Kitu fulani kikamgusa moyoni, kwa maana tangu utotoni alijua majivu hutoa povu la namna hiyo yakikutana na nini. Ila wivu ulikuwa umepanga foleni mbele, na mawazo mengine yalisubiri. Alisubiri povu litulie, akachomeka jani la mgomba lile lile, akaenda kusimama mlangoni kama malaika.

Kakule alipopinda kona, Kanyere aliingia kwa Tantine Emérence. Huyu alikuwa shangazi yake Kakule, dada ya marehemu baba yake, na kwa desturi yao yeye ndiye hakimu wa nyumba ile. Mke akimshtaki mume, shangazi wa mume lazima aone kwa macho yake, na neno lake likitoka limetoka.

"Leo utaona weye mwenyewe, Tantine," Kanyere alisema. "Kama nilidanganya, utanipiga."

Tantine Emérence alivaa viatu vyake vya misa, akachukua fimbo yake na rozari yake, wakapanda kilima hadi kwa Yolande.

Hawakubisha hodi. Walifuata sauti, na sauti ilitoka bafuni. Kanyere alisukuma mlango. Yolande alikuwa amesimama, kitambaa kilicholowa mkononi, kichwa kimerudi nyuma, anacheka. Na Kakule je? Kakule hakuonekana ila makalio na nyayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameinama chini ya sinki, kichwa chote ndani. Aliposikia jina lake likitamkwa na mkewe, aliinuka haraka akajigonga, sinki zima likalia.

"Njo hii kasiksi ya bateja?" Kanyere alipiga kelele. "Jani mubichi! Ku lango ya mwanamuke! Nilikukosea nini, Kakule? Nilikukosea nini?"

"Mais madame, calmez-vous," alisema Yolande akimtuliza. "Mutu hakunywe hapa. Iko ya robinets, ya mabomba."

Ikabidi Kakule aseme, akiwa amekaa sakafuni anajishika kichwa. Maji ya nyumba ile yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, na yalikuwa na chokaa. Kila yalipopita yaliacha ukoko mweupe, mgumu kama jiwe. Mabomba yalikuwa yakitoa tone tone, bafu lilizibika, birika la chai likawa na gamba ndani. Zamani Kabongo alinunua unga wa dukani wa kuyeyusha ukoko huo. Tangu vita, unga haupatikani, na ukipatikana bei yake haiguswi. Ndimu za Beni nazo hazitoshi. Wapangaji walianza kuondoka.

"Basi nikajaribu kasiksi," alisema Kakule. "Unalowesha kitambaa, unafunga ku robinet, unaacha. Ama unachemsha mu birika. Ukoko inalainika, unaisukuma tu na kigunzi. Haitake dawa ya duka. Donc madame ananipa sabuni."

"Na jani?" Tantine Emérence aliuliza kwa ukali.

"Tantine, kifuniko ilipotea. Niweke nini? Kofia?"

"Uongo!" Kanyere alisema. "Kasiksi inatoa jiwe? Kasiksi yangu, ile batu banakunywaka mpaka banaimba?"

Kakule akafungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Yolande naye akatazama ukutani. Ukimya ule ulimchoma Kanyere kuliko kicheko, maana ulikuwa ukimya wa watu wawili wenye siri moja.

Tantine Emérence aligonga fimbo sakafuni. Maneno hayakati shauri, alisema. Walete birika. Kama kasiksi inatoa ukoko, itoe sasa mbele yake.

Birika likaletwa, jeupe ndani kama limepakwa lipu. Kakule, akiwa na uhakika wake wote wa fundi, alilijaza kutoka kwenye bidoni, akaliweka kwenye mbabula yenye makaa mekundu. Tantine akakaa kwenye kigoda na kuanza rozari yake. Alipofika mwisho, birika likaepuliwa, likamwagwa, na Kakule akaingiza kigunzi cha mahindi akasugua. Akasugua tena. Ukoko ulibaki pale pale, mweupe, mgumu, unawatazama.

"Wiki ile ilitoka yote," Kakule alinong'ona. "Madame aliona."

"Madame!" alisema Tantine. "Shahidi njo huyu?" Akasimama, na alipozungumza sasa ilikuwa sauti ya hukumu. "Kakule, umenipatisha haya. Utapeleka mbuzi ya faini kwa baba mukwe yako. Na Kanyere anarudi kwabo, mpaka bazee bakae kukata shauri."

Kanyere aliyasikia maneno aliyoyataka. Kurudi kwao. Ajifungie Lubero kwa baba yake, aache nyumba ya Mususa, amwache Kakule peke yake huku mjini, kilima kimoja tu chini ya mwanamke huyu anayecheka. Kumbe ushindi wake ulikuwa huo.

Akamtazama mumewe. Kakule hakuwa akimwangalia mtu. Alikuwa bado na lile birika, fundi hadi mwisho, akitafuta kosa la kazi yake. Alichovya kidole kwenye masalio, akalamba. Uso wake ukakunjamana kwa mshangao: ukali haukuwepo. Kisha akainamisha bidoni kwenye kiganja. Tope la kijivu likamtoka polepole kati ya vidole. Alilisugua kwa kidole gumba, akainua macho, akamtazama Kanyere.

Alijua. Kanyere aliona kabisa kwamba amejua. Akangoja aseme.

Kakule alifuta kiganja kwenye suruali. "Ni vile, Tantine," alisema taratibu. "Nitapeleka mbuzi."

Hapo wivu wa Kanyere ulikosa pa kushika. Kwa maana lile povu la asubuhi lilirudi sasa, na halikukubali tena kusubiri nyuma. Majivu hutoa povu yakikutana na kitu kichachu. Kasiksi nzuri haifanyi hivyo. Kama ilichemka vile, basi ilikuwa siki, na kama ilikuwa siki, basi mumewe alisema kweli tangu neno la kwanza, na sasa alikuwa tayari kuitwa mzinzi mbele ya shangazi yake ili yeye asiambiwe kwamba chungu chake kimeharibika.

Alitamani kweli kungekuwa na mwanamke mwingine kati yao. Naam, nasema alivyoona. Kumpiga mwanamke mwenzio kuna dawa ndani yake. Lakini hili?

"Majivu," alisema.

"Nini?" Tantine aliuliza.

"Nilitia majivu mu bidoni. Asubui. Ya maganda ya ndizi." Sehemu ile ilikuwa rahisi, iliyobaki ndiyo ilimkwama. "Majivu ilikata ukali yake. Ilikuwa na ukali. Ilikuwa... kasiksi yangu iliharibika, Tantine. Imekuwa siki."

Hakuna aliyeonyesha kushangaa. Hata Tantine Emérence alishughulika ghafla na msalaba wa rozari yake. Kanyere aliwatazama mmoja mmoja.

"Tangu lini?"

"Tangu ndizi zianze kulala ku njia," Kakule alisema.

"Na nani anajua?"

Kakule alijikuna sikio, kisha mkono ukashuka. "Mususa yote."

"Na huyu? Huyu ulimuambia kabla yangu?" Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Siri ya nyumba yangu ulileta kwa mwanamuke mwengine, mi bibi yako sijue?"

"Kanyere. Yeye namuambia juu kumuambia hainiume. Akikasirika, ni yake. Weye kila siku unaniuliza bateja banasema nini, na unanitazama vile." Akaokota bisibisi yake. "Ningesema namna gani?"

Yolande, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na kicheko, alisogeza kigoda chake. "Kaa, mama," alisema. "Mi bwana yangu iko Kinshasa. Sina mutu wa kunidanganya vile."

Kanyere hakukaa. Alilichukua bidoni, akalisuuza kwenye bomba la Yolande lililokuwa likitoa maji tone tone, akatoka bila kuaga. Kakule akasimama kumfuata, Tantine akamzuia kwa fimbo.

Jua lilikuwa bado juu aliporudi akihema, bidoni limejaa, limefungwa mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao wanavyobeba mzigo wa maana. Safari hii mdomo ulizibwa kwa kitambaa. Alimnyang'anya Kakule birika, akamimina mwenyewe, akaliweka motoni mwenyewe, akasimama juu yake. Lilianza kufoka kabla halijachemka. Alipolimwaga na kuingiza kigunzi, ukoko ulitoka kwa magamba makubwa, na chini yake chuma kikang'aa hata akajiona uso, macho mekundu na yote. Tantine Emérence alichungulia ndani ya birika, akasema hukumu yake ameifuta.

Alikitazama muda mrefu kile alichokipika. Mdomo wake haukuigusa kasiksi ile na usingeigusa, habari ya Sikuli ilikuwa bado haijaja, lakini sasa alijua ladha yake.

"Robine iko ngapi mu hii nyumba?" alimuuliza Yolande.

"Nane. Na douche."

Kanyere akalowesha kitambaa, akapiga magoti mbele ya sinki, akaanza kukifunga kwenye bomba. Kakule akapiga magoti upande wa pili kumsaidia. Kanyere akamsukuma kwa kiwiko, kisha akamwachia nafasi.

"Siku ya soko," alimwambia Yolande bila kugeuka, "hapana kumungojea huyu. Bidoni nitaileta mimi."